Thamani ya Maji Safi Machoni pa Umma: Uchangiaji wa Huduma ya Maji Bukoba na Muleba, 1971–2004

Watafiti wanaochunguza uchangiaji wa huduma ya maji vijijini aghalabu huanza kwa kumuuliza mwananchi yuko tayari kulipa kiasi gani. Swali hilo likiulizwa Bukoba au Muleba bila kuzingatia historia, jibu lake hupotosha.

Mwaka 1971 serikali ilizindua mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi na salama karibu na makazi yake, bila malipo. Kizazi kizima kikalelewa katika ahadi hiyo. Sera ya Maji ya 1991 ikawataka wananchi wachangie gharama. Ile ya 2002 ikawakabidhi gharama zote za uendeshaji na matengenezo ya miradi yao.

Wakati ulioletwa agizo hilo ndio kiini cha hoja yangu. Mwenye kibanja alitegemea kahawa kupata fedha taslimu, na mfumo wa kimataifa wa mgawo wa mauzo ya kahawa ulivunjika Julai 1989, bei ikaporomoka. Aidha, Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ulikuwa umeondoa wengi wa umri wa kufanya kazi na kuwaachia bibi wazee malezi ya yatima. Kaya ya namna hiyo ikishindwa kuchangia pampu, haimaanishi kwamba imedharau maji safi. Huenda dawa na mazishi vilitangulia.

Lipo pia suala la umbali. Vijiji vingi vya Wahaya viko juu ya miinuko, ilhali chemchemi ziko mabondeni, na wanaopandisha ndoo ni wanawake na watoto. Uchovu wa mlima huhisiwa kila siku. Vimelea vilivyomo ndoani havionekani. Sera ya 2002 iliweka kipimo cha mita 400, ambacho mwanakijiji anaweza kukihakiki kwa miguu yake mwenyewe. Ubora wa maji huhitaji maabara, nayo haiko kijijini. Si ajabu, basi, ukaribu ukapewa kipaumbele.

Mpango wa miji ya Ziwa Viktoria ulioanzishwa na UN-Habitat mwaka 2004, ambao ulizijumuisha Bukoba na Muleba, uliunganisha maji, vyoo na taka. Mwanakijiji, kwa upande wake, alikuwa ameulizwa zaidi kuhusu pampu. Mtafiti atakayerudi huko afadhali aulize mara mbili: kabla ya mavuno ya kahawa, na baada yake.