Ukoo wa Kalasa na Shaba ya Katanga

Kabla ya katikati ya karne ya 19, misafara ya Wasumbwa ilikuwa ikitoka magharibi mwa Tanzania ya leo kwenda kutafuta shaba katika nchi ya Wasanga huko Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo ya leo, kwenye vilima ambavyo sasa vina miji ya Kambove na Likasi na misheni ya Mulungwishi. Mmoja wa wakubwa wa misafara hiyo alikuwa Kalasa. Mwanawe Ngelengwa alijifunza biashara hiyo kwa baba yake.

Shaba haikuwa mali ya kuokota. Ilichimbwa kiangazi, mtama ukishavunwa. Watu walichimbua mawe ya kijani, wanawake na watoto wakayachagua na kuyaosha mtoni. Kuyeyusha kuliachiwa mafundi wachache, waliorithishana siri na dawa za kazi ndani ya koo zao. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakalijaza makaa, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi mpaka shaba ikatiririka. Ufundi huo ulikuwa wa kale: katika bonde la Upemba, wafu walizikwa na misalaba midogo ya shaba karne nyingi kabla ya Kalasa.

Wasumbwa, ambao huko Katanga waliitwa Wayeke, waliongeza kazi yao: kuvuta waya. Ufito wa shaba ulifuliwa, ukapitishwa katika tundu la chuma na kuvutwa kwa nguvu, kisha katika tundu jembamba zaidi, hadi ukawa kama uzi. Uzi huo ulizungushwa juu ya nyuzi za mimea au singa za mkia wa mnyama, ukawa bangili na furungu. Pambo jepesi la namna hiyo lilisafiri mbali kwa urahisi kuliko mkuo mzito wa shaba.

Katika miaka ya 1850 Ngelengwa alirudi Katanga na watu wake, safari hii akiwa na bunduki. Alimsaidia Mpande, mkubwa wa Wasanga, kupigana na Waluba, akapewa nafasi ya kukaa. Baadaye akawatawala wenyeji wake. Ndiye aliyejulikana kama Mwami (mfalme) Msiri, na mji wake mkuu ukawa Bunkeya. Aliendesha utawala kama biashara ya ukoo. Ndugu zake walishika maeneo, na wake zake, waliotoka katika koo nyingi, walikuwa macho na masikio yake. Mmoja wao, Maria de Fonseca, alimuunganisha na wafanyabiashara wa Angola. Shaba, chumvi na pembe za ndovu zilikwenda pwani zote mbili, Benguela na ile ya Waswahili. Nguo, baruti na bunduki zikarudi. Watumwa nao waliuzwa, na wengi walitekwa katika vita vya Msiri mwenyewe. Chuki iliyotokana na hayo ilizaa uasi wa Wasanga katika miaka yake ya mwisho.

Tarehe 20 Desemba 1891, Msiri aliuawa na Omer Bodson, afisa wa msafara wa Stairs uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mukanda Bantu, mwanawe, alirithi kiti, lakini biashara haikurithika. Mwaka 1892 mwanajiolojia Jules Cornet alikuwa tayari akipima utajiri wa Katanga. Watafiti waliomfuata waliongozwa na mashimo ya wachimbaji wa zamani: bila kazi ya mababu wa wafua shaba, wangetafuta kwa muda mrefu zaidi. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuri lake la Lubumbashi likatoa shaba ya kwanza. Kampuni ilihitaji mawe na mikono ya vibarua. Mafundi wa waya haikuwa na haja nao.

Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960, waziri wake wa mambo ya ndani alikuwa Godefroid Munongo, wa uzao wa Msiri. Serikali ya Katanga iliishi kwa kodi ya shaba ya Union Minière. Ukoo wa Kalasa ulikuwa umerudi kwenye mlango wa shaba, sasa ukiwa mtoza kodi wa mali iliyouzwa na wengine.