Paa la Beni na mafundi wa mbali

Mtoto aliyezaliwa Beni, mashariki mwa Kongo, mwaka 2013 amekulia kati ya sare za nchi nyingi. Akiuliza wale wenye kofia za bluu ni akina nani, mzazi anaweza kuanzia kwenye paa: upepo ukibeba bati za jirani, mtaa huja na nyundo. Mataifa nayo huchangia askari namna hiyo, ila kwao kazi huanza na karatasi, inayosema nani anaongoza na askari anaruhusiwa kufanya nini.

Karatasi ya kwanza iliandikwa 30 Novemba 1999, Umoja wa Mataifa ulipounda ujumbe wa kulinda amani, MONUC, ili kusimamia usitishaji vita uliotiwa saini Lusaka. Mwaka 2010 ikageuka MONUSCO, kulinda raia kukiwa jukumu lake kuu. Hata hivyo, Novemba 2012 waasi wa M23 waliiteka Goma huku kofia za bluu zimo mjini. Kutokana na aibu ile likaja azimio 2098 la Machi 2013: brigedi ya askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, yenye ruhusa ya kuwashambulia waasi. Kabla mwaka haujaisha M23 ilishindwa.

Waasi wa ADF walikuwa adui wa namna nyingine. Tangu Oktoba 2014 wamekuwa wakiua wanavijiji wa Beni usiku na mashambani, kisha wanapotelea msituni. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki ilishambuliwa, wakafa Watanzania wasiopungua 14. Novemba 2018, katika mapigano karibu na Beni, Chancy Chitete wa Malawi alimsaidia Mtanzania aliyejeruhiwa, naye akauawa. Umoja wa Mataifa ulimtunuku Nishani ya Kapteni Mbaye Diagne. Hapo mtoto huelewa muungano bila kusomewa azimio.

Lakini huuliza tena: mbona bado tunazika? Watu wazima nao waliuliza. Novemba 2019 wakazi wa Beni walichoma ofisi ya meya na kuvamia kambi ya MONUSCO ya Boikene. Julai 2022 ghadhabu ilifika Butembo, raia na walinda amani wakapoteza maisha. Mwezi uliofuata MONUSCO ikauhama mji huo.

Katikati ya hayo, Aprili 2021, wanafunzi wa Beni waliketi uani mwa ofisi ya meya, wakalala hapo siku kadhaa. Walichodai ni Rais Félix Tshisekedi aje ajionee. Polisi waliwatawanya. Mei 6 utawala wa kijeshi ukaanza Kivu Kaskazini na Ituri, na Novemba 30 jeshi la Uganda likaungana na jeshi la Kongo, FARDC, katika operesheni iitwayo Shujaa: karatasi nyingine, mafundi wengine.

Wanafunzi wale hawakumwita fundi. Walimwita mwenye nyumba.