Askari, Treni na Mbuni wa Bati: Habari za Vichezeo vya Ujerumani

Sisi walimu twaishi kwa neno moja lenye asili ya Kijerumani, nalo ni shule. Neno jingine tunalolitamka kila siku ni hela, ambalo wazee wetu walilipata katika sarafu ya heller, iliyoanza kutumika mwaka 1904 katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanganyika, Rwanda na Burundi. Maneno hayo mawili tumekwisha kuyaeleza darasani mara nyingi. Jambo ambalo hatuwaelezi wanafunzi ni kwamba katika miaka ile ile nchi iliyotuachia shule na hela ilikuwa ndiyo karakana kuu ya vichezeo vya watoto ulimwenguni. Kabla ya vita vya mwaka 1914 watoto wa London, Paris na New York walifungua zawadi zao za Krismasi na kukuta ndani yake treni, meli na magari ya bati yaliyotoka Ujerumani. Habari za bati hilo ndizo tunazotaka kuzisimulia hapa, kwa kuwa zina mambo ambayo mwalimu wa lugha hana budi kuyajua.

Mji wa kuanzia ni Nürnberg, ulioko kusini mwa Ujerumani. Mafundi wake walikuwa wakitengeneza wanasesere na vichezeo vingine tangu karne nyingi zilizopita. Katika miaka ya 1770 fundi mmoja aliyeitwa Johann Gottfried Hilpert alijipatia sifa kwa askari wadogo bapa aliowamimina katika kalibu za mawe. Hapa twaomba wasomaji watuvumilie kidogo kwa jambo la msamiati. Kijerumani kina maneno mawili: Zinn ni madini yenyewe, meupe na laini, na Blech ni chuma kilichofanywa chembamba mfano wa karatasi. Kiswahili chetu huyabeba yote mawili kwa neno moja tu, bati. Askari wa Hilpert walikuwa wa Zinn. Treni na magari yaliyofuata yalikuwa ya Blech, yaani chuma chembamba kilichochovywa katika Zinn ili kisishike kutu. Mwanafunzi asiyetofautisha hayo atadhani kwamba ni ufundi mmoja, kumbe ule wa kwanza ni wa kumimina na huu wa pili ni wa kukata na kukunja.

Mwaka 1839 Ernst Heinrichsen alifungua karakana yake katika mji huo huo, akawafanya askari wake kuwa na kimo cha takriban milimita 30. Kimo hicho kilifuatwa na mafundi wengine, hata mtoto akaweza kuchanganya majeshi kutoka maduka mbalimbali bila askari mmoja kuwa jitu mbele ya wenzake. Lakini askari hao hawakutoka katika kalibu wakiwa na rangi. Rangi walipakwa majumbani. Wanawake na watoto wa familia maskini waliketi mezani jioni, kila mmoja na brashi yake, huyu akipaka makoti, yule akipaka farasi, nao walilipwa kwa hesabu ya vipande. Kwa hiyo mtoto wa mjini Nürnberg aliyewashika askari wengi kuliko mwana wa mfalme yeyote hakuwashika kwa kucheza. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1903 ndiyo iliyoanza kuweka mipaka juu ya kazi za watoto hata ndani ya nyumba za wazazi wao. Kila tunapoonyeshwa picha ya vichezeo hivyo na kuusifu uzuri wake, hatuwezi kuacha kuiwaza meza ile.

Vichezeo vya Blech vilikua pamoja na viwanda. Katika miaka ya 1860 ndugu wawili, Ignaz na Adolf Bing, walianzisha biashara ya vyombo vya jikoni vya chuma huko Nürnberg. Baadaye waligeukia vichezeo, na mwanzoni mwa karne ya ishirini kampuni yao ilihesabiwa kuwa kubwa kuliko zote za aina hiyo duniani, yenye maelfu ya wafanyakazi. Huko Göppingen, Theodor Märklin alikuwa ameanza mwaka 1859 kwa kutengeneza vyombo na majiko ya bati ya wanasesere. Alipofariki mwaka 1866, mkewe Caroline aliishika biashara mwenyewe. Mama huyo alikuwa na desturi ya kufunga safari kusini mwa Ujerumani na Uswisi akiwauzia wenye maduka bidhaa zake, jambo ambalo katika zama zile halikuwa la kawaida kwa mwanamke. Majina ya wanaume ndiyo yaliyoandikwa juu ya masanduku, lakini sisi tunaona kwamba pasipo miguu ya Caroline pengine wanawe wasingalikuwa na kitu cha kurithi.

Wana hao ndio waliokwenda kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1891 na treni iliyopita juu ya reli zenye umbo la tarakimu nane. Treni za kuchezea zilikuwapo tangu zamani. Jipya lilikuwa vipimo: upana wa reli ulipewa namba maalumu, na kila kipande kiliungana na kingine. Mzazi aliweza kununua injini na duara dogo mwaka huu, mwaka ujao akaongeza behewa, na mwaka wa tatu stesheni. Wenye duka walikuwa wamegundua namna ya kumfanya mteja arudi kila Krismasi, na mtoto aliridhika kungoja kwa sababu alijua anachongoja.

Sasa tuitazame roho ya kichezeo chenyewe. Baadhi ya injini zilikwenda kwa mvuke wa kweli, zikiwa na birika dogo la maji na taa ya spiriti chini yake, nazo ziliunguza vidole na mazulia mengi. Vichezeo vingi zaidi vilikwenda kwa kamani. Kamani, kama waijuavyo mafundi wa saa, ni utepe wa chuma cha pua uliozungushwa kama mkeka uliokunjwa. Mtoto anapotia ufunguo na kuuzungusha, utepe hukazwa; anapouachia, hutaka kurudi katika hali yake, na katika kurudi huko huyasukuma magurudumu yenye meno, ambayo nayo huyageuza magurudumu yaliyo chini. Kama hakuna kitu cha kuizuia, kamani humaliza nguvu zake zote mara moja na gari huruka kama panzi. Kwa hiyo fundi huweka kizuizi kidogo kinachoiruhusu nguvu itoke kidogo kidogo. Hilo ndilo shina la ufundi wote. Mengine, kama vile dubu anayecheza ngoma au bata anayetikisa mkia, ni matawi yake tu: kigurudumu kisicho duara kamili, na waya uliopindwa unaokifuata kila kinapozunguka.

Aliyevicheza vipindo hivyo kwa utundu mkubwa alikuwa Ernst Paul Lehmann, aliyefungua kiwanda chake mwaka 1881 katika mji wa Brandenburg, karibu na Berlin. Bing na Märklin walitengeneza pia vitu vizito vya bei kubwa, vilivyopakwa rangi kwa mkono. Lehmann alitengeneza vyepesi vya bei nafuu. Bati lake lilipigwa chapa ya rangi lingali bapa, kama ukurasa wa gazeti, kisha likakatwa na kukandamizwa likapata umbo, na vipande vikaunganishwa kwa vijiulimi vidogo vilivyopenyezwa katika matundu na kupindwa, pasipo lehemu. Punda wake mkaidi alipendwa kwa miaka mingi: gari huenda mbele hatua chache, punda hukataa, hurudi nyuma kwa mateke, na mchekeshaji aliyeshika hatamu hurushwa huku na huku. Nani kati yetu hajakutana na punda wa namna hiyo, barabarani au darasani?

Katika orodha ya Lehmann kuna kichezeo kimoja kinachotuhusu. Ni gari dogo la posta linalokokotwa na mbuni, na jina lake ni Afrika. Kingine cha aina hiyo, chenye mwendeshaji mweusi, kiliitwa Zulu. Utiapo ufunguo, mbuni hutupa miguu na gari la barua husonga mbele. Ni kazi nzuri ya fundi, hilo hatuwezi kulikana. Lakini katika Afrika Mashariki ya Kijerumani barua za bara zilichukuliwa na matarishi waliokwenda kwa miguu kutoka kituo hadi kituo, wala si na mbuni. Mtoto wa Berlin aliyecheza na mbuni huyo alijifunza kwamba Afrika ni mahali pa kuchekesha, ambapo hata ndege hutumikia posta. Yaliyotokea kusini mwa Tanganyika kati ya mwaka 1905 na 1907, wakati wa Vita vya Maji Maji, hayakupigwa chapa juu ya bati. Sisi tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba kitabu kina mwandishi na kwamba mwandishi ana mtazamo wake. Kichezeo nacho ni hivyo hivyo, ila mtoto hukisoma kabla hajajua kusoma.

Vita vya mwaka 1914 vilifunga masoko ya ng'ambo, na viwanda vingi vikageuzwa kuwa vya zana za vita. Georges Carette, Mfaransa aliyekuwa na kiwanda chake Nürnberg tangu mwaka 1886, ilimbidi aondoke mwaka 1917. Baada ya vita kazi ilifufuka, lakini kampuni ya Bing ilidhoofika na kufilisika mwaka 1932. Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Nürnberg, mji wa wanasesere, ulifanywa kuwa mji wa mikutano mikubwa ya chama cha Hitler, na mwaka 1935 sheria za kuwanyima Wayahudi uraia zilitangazwa hapo hapo. Baadhi ya wenye viwanda vya vichezeo walikuwa Wayahudi. Phillip Ullmann, mwenye kampuni ya Tipp, alikimbia mwaka 1933, na kampuni yake ikaendelea kutoa magari ya bati ya kijeshi, hata lile lililombeba sanamu ya Hitler mwenyewe akiwa ameinua mkono. Stefan Bing, mwana wa Ignaz, alikimbilia Uingereza kabla ya vita. Mwaka 1943 utengenezaji wa vichezeo ulipigwa marufuku, na tarehe 2 Januari 1945 mji wa kale wa Nürnberg ulibomolewa kwa mabomu katika usiku mmoja.

Baada ya hapo vichezeo vilitoka vikiwa na maneno ya kueleza kwamba vimetengenezwa katika eneo la Ujerumani lililokuwa chini ya Marekani. Kiwanda cha Lehmann, kilichokuwa katika eneo la Warusi, kilitaifishwa, na jamaa zake wakaanza upya Nürnberg. Kisha ikaja Japani, ambayo baada ya vita ilianza kwa kufua makopo yaliyotupwa ikayafanya magari ya watoto, na baada ya Japani ikaja plastiki.

Mwaka 1971 Nürnberg ilifungua jumba la makumbusho ya vichezeo, ambalo msingi wake ni mkusanyo wa familia ya Bayer. Watu wengine hununua vichezeo hivyo mnadani kwa fedha nyingi, na hapo kuna jambo linaloshangaza: kinachopata bei kubwa kuliko vyote ni kile kilichobaki ndani ya sanduku lake, rangi yake haijakwaruzwa, yaani kile ambacho hakuna mtoto aliyewahi kukichezea.

Watoto wetu hutengeneza magari yao wenyewe kwa waya, mikebe na soli za ndala kuukuu, na kila sehemu huipa jina. Twawaomba walimu wenzetu walioko Burundi, Rwanda, Kongo na Uganda wawaulize wanafunzi majina hayo, hasa ya usukani mrefu wa waya na ya vipini vya magurudumu, na kama neno kamani lingali linajulikana huko waliko au kama limeachwa kwa springi. Majibu yatachapishwa katika ukurasa wa msamiati.