Sanamu Zilizovuka Bahari

Wasikilizaji wetu, sisi tukaao Chekereni, chini ya Mlima Kilimanjaro, twapenda leo kunena habari za sanamu zilizoondolewa mahali pake zikavushwa bahari. Ziko ambazo wenyeji wazililia hata leo, na iko ambayo hatujasikia mtu akiililia. Ni kwa sababu gani?

Katika mji wa Athene, kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo, Wayunani walijenga hekalu la Parthenon kwa marumaru nyeupe ya mlima wao Pentelikon. Juu ya kuta zake walichonga mkanda wa sanamu, urefu wake yapata mita 160: vijana waliopanda farasi, wazee, wanawali, na ng'ombe wapelekwao kuchinjwa sadaka. Mafundi walichonga watu wa mji wao wenyewe, wakiiendea sikukuu yao. Tangu mwaka 1801, nchi ile ilipokuwa chini ya Waturuki, watumishi wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza, walizibandua sanamu nyingi. Mwaka 1816 Bunge la Uingereza lilizinunua kwa pauni 35,000, nazo zimewekwa katika makumbusho ya London. Wayunani wangali wakizidai.

Nchi yetu nayo ilikuwa na sanamu iliyosafiri. Mwaka 1909 Wadachi walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya shaba ya Hermann von Wissmann. Wachaga walimjua, kwani mwaka 1891 aliivunja ngome ya Mangi Sina wa Kibosho. Juu alisimama yeye. Chini alisimama askari Mwafrika akimwinulia macho. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliiondoa, kisha ikarudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu. Mwaka 1968 wanafunzi waliiangusha, wala haikurudishwa mahali pale. Huku Dar es Salaam, tangu mwaka 1927, askari asimama peke yake na bunduki yake, ukumbusho wa waliotumika katika vita vya 1914 hata 1918.

Basi jibu ni hili: Wayunani walijiona wenyewe katika marumaru ile, sisi katika shaba ile tulionyeshwa tu mahali tulipowekwa.

Lakini liko tulililialo sisi. Tarehe 2 Machi 1900 Wadachi walimnyonga Mangi Meli huko Old Moshi, pamoja na viongozi wenziwe. Wazee husimulia kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na jamaa zake wamekitafuta miaka mingi. Jiwe lililochongwa na kichwa cha mtu si kitu kimoja, lakini dai la Athene na dai la Moshi ni ndugu: kila mmoja ataka watu wake warudi nyumbani.