Dizeli na Baridi katika Njia ya Zambia

Katika nchi ya Wazigua, upande wa Handeni na Korogwe, baridi si jambo la kutisha. Atakaye kuionja baridi ya kweli huvuka Mto Pangani, akapanda milima ya Usambara. Katika nchi ya joto kama hiyo lori la dizeli huamka upesi: dereva hupiga stati, injini ikakohoa mara moja, kisha ikanguruma. Basi mtu aliyejifunza udereva huko aweza kudhani kwamba kuwasha gari si elimu, ila ni kugeuza ufunguo tu. Historia ya njia kuu iendayo Zambia yaonyesha kwamba sivyo.

Waswahili husema “kuwasha gari” na “kutia moto”, na maneno hayo yaifaa dizeli kuliko injini ya petroli. Injini ya petroli hupewa cheche ya umeme na plagi zake. Ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliunda injini ambayo hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto yenyewe, kisha mafuta hunyunyizwa humo yakawaka. Injini yake ya kwanza iliyofaulu ilijaribiwa Augsburg mwaka 1897. Ilikuwa kubwa na nzito mno kuwekwa katika gari. Malori ya dizeli yalianza kuonekana Ujerumani mwaka 1923 na 1924, na pampu ya mafuta ya Robert Bosch, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1927, ikayaeneza duniani.

Lakini katika uhodari wa injini hiyo ndimo ulimo udhaifu wake. Hewa ibanwayo mpaka ikawa sehemu moja ya kumi na tano ya ukubwa wake wa kwanza hupata joto la digrii 500 na zaidi. Ila chuma kikiwa baridi hulinyang’anya joto hilo kabla halijafanya kazi. Oili nayo huwa nzito, injini ikazunguka kwa shida, na betri hupungukiwa na nguvu saa ile ile inayotakiwa kutoa nguvu nyingi. Tena juu ya milima hewa ni nyepesi. Penye kimo cha mita 1,700 silinda huvuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani, na hewa chache ikibanwa haifikii nguvu ile ile. Mafuta yasiyoshika moto hutoka katika bomba kama moshi mweupe, nao moshi huo ndio dalili ya injini inayozunguka bila kuwaka.

Watu wa nchi za theluji waliijua shida hii mapema, wakatafuta dawa zake. Wahandisi wao waliweka ndani ya injini plagi za kupasha moto, ambazo huiva kwa umeme kabla ya stati kupigwa. Wengine walitumia etha, ambayo hushika moto kwa joto dogo. Palipokosekana vyombo hivyo, watu waliwasha moto wa kuni chini ya gari. Ndivyo walivyofanya askari waliopigana karibu na Moscow katika majira ya baridi ya mwaka 1941.

Katika Afrika ya Mashariki shida hiyo haikuletwa na theluji. Ililetwa na kimo cha nchi, na siasa ndiyo iliyowapeleka madereva huko kwa wingi. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ilijitangazia uhuru katika Rhodesia. Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru wake, ilitegemea reli ipitayo Rhodesia kwa kutoa shaba na kuingiza mafuta. Desemba mwaka huo mafuta yakakatwa. Mapipa yakaanza kwenda kwa ndege, na kwa malori kutoka Dar es Salaam, katika njia ya karibu kilomita 2,000 ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo: vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika. Wenye kusema Kiingereza waliiita Njia ya Jahanamu. Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania, pamoja na kampuni ya Italia, ziliunda shirika la uchukuzi, na malori makubwa ya Fiat yakaingia barabarani.

Jahanamu hiyo, hata hivyo, ilikuwa na baridi. Lori lililotoka katika jasho la Dar es Salaam lilipanda Kitonga mpaka Iringa, likapita Makambako, likateremka nchi ya Usangu, kisha likapanda tena mpaka Mbeya, penye kimo cha mita 1,700 hivi. Wakati wa kipupwe, Juni na Julai, alfajiri ya Mbeya hushuka mpaka digrii tano au sita. Mbele ya Mrusi baridi hiyo ni mchezo. Lakini ikikutana na betri iliyochoka na hewa nyepesi, yatosha kulilaza lori mpaka jua lipande.

Hapa ndipo dawa za wageni zilipokataa kufaa. Moto wa kuni chini ya injini haufai hata kidogo ikiwa shehena ni mapipa ya petroli. Njia nyingine ni kulaza gari mteremkoni, ili asubuhi uzito wake wenyewe uizungushe injini. Nayo ina hatari yake: malori makubwa hutumia breki za upepo, na upepo huo hujazwa na injini ikiwa imewaka. Katika malori ya zamani hizo, aliyeliachia lori mteremkoni kabla matangi hayajajaa alianza safari bila breki, na jiwe aliloliweka utingo chini ya gurudumu limekwisha ondolewa.

Kwa hiyo dakika zile za alfajiri, dereva asimamapo kando ya injini iliyowaka, hazikuwa za uvivu. Oili ilikuwa ikipanda kufikia vyuma vya juu, na upepo ulikuwa ukijaa. Anayekanyaga mafuta kwa nguvu wakati huo huvisaga vyuma vikavu. Naye anayeiacha injini izunguke polepole kwa muda mrefu hukosea vile vile: injini isiyo na mzigo haipati joto la kutosha, na mafuta yasiyoungua huosha oili katika kuta za silinda. Lililo sawa ni kungoja mpaka breki na oili ziwe tayari, kisha kuondoka taratibu, injini imalizie kupata moto njiani. Mwenda pole hajikwai.

Bomba la mafuta la kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola lilifunguliwa mwaka 1968. Reli ya TAZARA ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Lami nayo ikafika. Habari za miaka ile husimuliwa kwa hesabu ya tani na kilomita, na hesabu hizo ni za haki. Lakini kila tani iliyofika Zambia kwa barabara iliwashwa kwanza na mtu aliyejua kungoja kwa kiasi, si zaidi wala si pungufu. Elimu hiyo hupokezanwa kwa mdomo na kwa mkono, na elimu ya namna hiyo mara nyingi hubakiza desturi ikapoteza sababu. Dereva wa nchi ya Wazigua anayeiacha injini ingurume nusu saa katika asubuhi ya joto amerithi nusu ya elimu ya wazee wa Njia ya Zambia. Nusu ya pili ni kujua ni wakati gani wa kuondoka.