Kenda haijafa: nambari za Meru na Embu

Hebu tuisome nambari hii kwa sauti: 1,545,714. Ndiyo idadi ya wakazi wa Kaunti ya Meru kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019. Kwa Kiswahili tunasema milioni moja, laki tano, arobaini na tano elfu, mia saba na kumi na nne.

Kuisoma tu ni kupitia historia ya Bahari ya Hindi. Tano, nne na kumi ni za Kibantu, ndugu wa ithano, inya na ikûmi za Kimeru. Mia, elfu, saba na arobaini ni za Kiarabu. Laki ilitoka Bara Hindi pamoja na biashara. Milioni ndiyo mgeni wa mwisho, kutoka Ulaya.

Wageni hawa waliwasukuma wenyeji pembeni. Elfu iliitwa kikwi, na tisa ikaitwa kenda. Leo Mswahili husema tisa, ati kenda ni ya wazee na washairi. Lakini huku bara haikuhama: Mmeru na Mwembu wakipita nane, bado hutaja kenda.

Na kenda ina siri yake. Jumlisha tarakimu za Meru: 1+5+4+5+7+1+4 ni 27, kisha 2+7 ni kenda. Basi nambari nzima hugawika kwa kenda bila baki: ni 171,746 mara kenda. Embu ilihesabiwa watu 608,599. Jumla ya tarakimu ni 37, kisha 10, kisha 1. Ukigawa kwa kenda, hubaki mmoja. Kwa nini? Kumi ni kenda na moja, mia ni 99 na moja, elfu ni 999 na moja. Ukiziondoa kenda zote, kila tarakimu huacha thamani yake tu. Wanahesabu wa Kihindi na Kiarabu walitumia mbinu hii kukagua hesabu, naye Fibonacci wa Pisa akaieleza katika kitabu chake cha mwaka 1202.

Sasa tuseme mkulima wa kahawa anasomewa malipo yake: "elfu arobaini na tano." Je, ni 45,000 au 40,005? Sarufi inaruhusu yote mawili. Kipimo cha kenda nacho hakimsaidii, maana 4+5 ni kenda, na 4+0+0+0+5 ni kenda vilevile. Shilingi 4,995 zinaweza kupotea hapo na hesabu ionekane safi.

Dawa yake iko kwenye lugha, si kwenye hesabu. Tukisema "arobaini na tano elfu", utata umekwisha. Walimu walifundishe hilo mapema, na makarani walizoee. Anayesomewa naye asione haya kuuliza: elfu ngapi, na juu yake ngapi?