Kny: Nani Apokee Simu ya Mkurugenzi

Katika barua za serikali yetu kuna herufi tatu ambazo wengi huzipita bila kuzisoma. Chini kabisa, pale penye sahihi, utakuta "Kny", yaani kwa niaba ya, kisha cheo: Katibu Mkuu, Mkurugenzi Mtendaji, Mganga Mkuu. Aliyetia sahihi si mwenye cheo. Ameruhusiwa kushika kalamu kwa niaba yake, na barua inabaki kuwa ya mwenye cheo, lawama zake pia. Penye "Kaimu" mambo ni mengine: huyo amekalia kiti, anaamua, na kwa alichoamua ataulizwa mwenyewe. Chini ya hao wawili yuko wa tatu, ambaye jina lake halionekani popote kwenye barua. Ndiye aliyeipiga chapa, akaijua kabla ya aliyeandikiwa, na simu za kuiulizia zikaja kwake. Huyo wa tatu nilikuwa mimi.

Nilisomea uhazili Tabora, katika chuo ambacho leo ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Siku hizi nawafundisha makatibu wa ofisi za Dar es Salaam kutumia programu za mawasiliano ya kazini, na ninaloulizwa kuliko yote ni suala la uwakilishi: katibu afanyeje ili apokee simu za bosi wake na kumpangia vikao ndani ya kompyuta, na kwa nini jambo hilo limegoma tena. Nalijibu kwa kuanzia mbali, kwa sababu naamini karibu kila kitufe kilichomo humo kilitokana na kazi ya mtu aliyekaa mlangoni pa mwenzake.

Mbali kwenyewe ni mji wa New Haven, Marekani. Tarehe 28 Januari 1878 George Coy alifungua huko swichibodi ya kwanza ya kibiashara, ikiwa na wateja 21. Kazi ya kuunganisha simu ilianza kwa kupewa vijana wa kiume waliozoea ofisi za telegrafu, na vijana hao walikuwa na utundu na lugha chafu hata kwa wateja. Kwa hiyo tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, mjini Boston, akaajiriwa Emma Nutt, mwanamke wa kwanza kuifanya kazi hiyo. Waajiri waligundua mapema kwamba anayepokea simu si sehemu ya mtambo. Sauti yake ndiyo kampuni yenyewe masikioni mwa mpigaji.

Lakini anayeunganisha simu anaweza pia kuipeleka asikotakiwa. Almon Strowger alikuwa na biashara ya mazishi Kansas City, na husimuliwa kwamba aliamini opereta wa mji alikuwa akiwapeleka wateja wake kwa mshindani. Hasira hiyo ilizaa mtambo wa kuunganisha simu bila mtu wa katikati. Akapata hataza mwaka 1891, na mwaka uliofuata mtambo ukaanza kazi La Porte, katika jimbo la Indiana. Historia nyingi za simu huishia hapo kwa kushangilia kwamba opereta ameondolewa. Mimi hunivutia lililofuata: mtambo ulimwondoa opereta wa mji, lakini wenye vyeo hawakutaka aondoke mlangoni mwao. Ofisi zikaanza kununua vifaa vya kumrudisha.

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa ya shirika la umma. Swichibodi ilikuwa chini, mapokezi, na opereta wetu alikuwa mama mmoja mwenyeji wa Tanga aliyewajua wapigaji kwa kukohoa kwao. Yeye alileta simu kwangu, nami ndiye niliyejua kama itavuka ukuta. Kati yangu na Mkurugenzi kulikuwa na simu mbili zilizozaliwa pacha: laini moja, vifaa viwili, kimoja mezani kwake na kimoja kwangu. Simu ikiita, iliita kwangu peke yangu. Kwake iliwaka taa tu. Alipokuwa anaongea, taa yangu ilitulia bila kupepesa, nikajua asisumbuliwe. Nilipomwambia mpigaji asubiri, taa ilipepesa polepole, na Mkurugenzi aliweza kuichukua simu ileile bila mimi kuihamisha. Kulikuwa na kitufe cha kumwita kwa mlio mfupi, na swichi ya kuzipeleka simu zote kwangu alipoingia kikaoni.

Nimeieleza simu hiyo kwa urefu kwa sababu ndiyo babu wa kile vijana wanachokiona leo kwenye kioo. Alama ndogo ya rangi pembeni mwa jina la bosi, nyekundu akiwa kwenye simu, ni ile taa. Kuichukua simu iliyosubirishwa na mwenzako ni kile kitufe. Hata neno linalotumiwa na mafundi, laini ya pamoja, linatoka kwenye shaba na nyuzi za wakati huo.

Kile ambacho hakikuwamo ndani ya simu kilikuwa kichwani mwangu. Wako waliopita moja kwa moja: Wizara, Mwenyekiti wa Bodi, nyumbani kwake, shule ya watoto. Wako wa kuombewa nafasi. Wako ambao shida yao niliimaliza mwenyewe, kwa sababu walichotaka ni kujua kama barua imetoka masijala. Na wako ambao kwao Mkurugenzi yupo lakini hayupo. "Shikamoo mama, bosi yupo?" "Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?" Katika maneno hayo mawili ya mwisho nilipata sekunde za kuamua. Sikuwahi kusema amesafiri ilhali amekaa. Nilisema siwezi kumpata kwa sasa, nikaandika jina, saa na neno la mpigaji katika kitabu cha ujumbe, na jioni kitabu kiliingia ndani pamoja na jalada la barua. Kwenye meza yangu palikuwa pia na kitabu cha miadi, penseli na kifutio. Kwa kalamu ya wino sikuruhusu mtu aandike humo.

Watu huidharau kazi hii. Lakini hadi miaka ya karibuni matangazo ya nafasi za kazi katika halmashauri yalimtaka katibu mahsusi awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 80 kwa dakika moja. Jaribu kuandika maneno 80 kwa dakika, ya mtu anayetembea chumbani huku akibadilisha mawazo, kisha ujue ni neno gani kati ya hayo hakukusudia lifike kwenye karatasi. Uamuzi huo ndio niuitao uwakilishi.

Kisha mlango ukavunjika. Mwaka 1994 Mobitel ilianzisha simu za mkononi Dar es Salaam. Mwanzoni zilikuwa za wachache, lakini baada ya Vodacom kuingia mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, kila mkurugenzi alikuwa na simu mfukoni na namba yake mikononi mwa nusu ya mji. Wapigaji hawakunipitia tena. Mkurugenzi aliahidi kikao akiwa kwenye foleni ya Morogoro Road, mimi nikaahidi kingine kwa saa ileile, na wageni wawili wakakutana kwenye kochi langu. Kitabu cha miadi kiliendelea kuwa nadhifu, ila hakikuwa cha kweli tena. Naikumbuka miaka hiyo kwa uchungu, na sioni sababu ya kuuficha. Ofisi ilimpoteza mtu aliyejua nani anamngoja nani, na haikuona kwamba imempoteza.

Wakati huohuo kompyuta ilikuwa ikijifunza taratibu kazi tuliyonyang'anywa. Outlook, programu ya barua pepe na kalenda, ilikuja mwaka 1997, na kalenda ikaweza kufunguliwa na mtu wa pili kwa ruhusa ya mwenyewe. Mwaliko uliotumwa na katibu ulionyesha majina mawili, la aliyeutuma na la yule ambaye ulitumwa kwa niaba yake. Nilipouona mara ya kwanza nilifurahi sana: Kny ilikuwa imeingia kwenye kompyuta. Upande wa simu ulichelewa. Mwaka 2009 Microsoft ilitoa toleo la seva yake ya mawasiliano lililomwezesha meneja kumtaja katibu wa kumpokelea simu. Mwaka huohuo mkonga wa SEACOM ulifika pwani yetu, ukaipa sauti ya intaneti njia pana ya kupita. Ikafuata Lync, kisha Skype for Business, kisha Teams mwaka 2017. Korona ilipowatawanya watu majumbani mwaka 2020, ofisi nyingi zilihamia huko bila maandalizi, na tarehe 31 Julai 2021 Skype for Business ya mtandaoni ikafungwa. Makatibu waliambiwa tu kwamba mfumo umebadilika.

Sasa nieleze mambo yanavyokwama, maana hapa ndipo ninapopata taabu na raha yangu.

Kukwama kwa kwanza ni kwa jina lililoandikwa bila amri. Bosi anafungua mipangilio ya simu katika Teams, anamwongeza katibu kuwa mwakilishi wake, anaridhika. Siku nzima simu ya katibu iko kimya. Kumtaja mwakilishi ni jambo moja. Kuiagiza simu imwite ni jambo lingine, nalo liko mahali pake, kwenye kanuni za kupokea simu: ziite kwa wote wawili, au ziende kwa wawakilishi tu, au ziende kwao zisipopokewa. Ni ile swichi ya zamani, ambayo ilibidi mtu ainyooshee mkono. Nikiitwa ofisini hapo ndipo ninapoanza, na mara nyingi sivuki hapo.

Pasipopona, nauliza leseni. Bosi na katibu wote wanahitaji huduma ya simu ndani ya akaunti zao. Nimekuta ofisi iliyomnunulia Mkurugenzi huduma hiyo na kumwacha katibu bila kitu ili kuokoa fedha, halafu ikashangaa simu za nje kutomfikia. Pengine ni sera: msimamizi wa mifumo anaweza kuufunga uwakilishi kwa watumishi wote, na chaguo hilo lisionekane kabisa kwenye kioo. Hapo katibu hana la kufanya ila kuwaandikia watu wa TEHAMA, na namshauri aandike barua yenye Kny.

Upande wa vikao una mtego wake. Katibu akiunda kikao kutoka kalenda yake mwenyewe, hata akiandika jina la bosi kwa herufi kubwa, mwandalizi ni yeye. Saa ikifika, kama mipangilio inamruhusu mwandalizi peke yake kuingia bila kungoja, bosi anabaki chumba cha kusubiri cha kikao chake mwenyewe. Inatakiwa afungue kalenda ya bosi, aunde kikao humo, na bosi awe amempa daraja la mhariri kupitia Outlook. Daraja la msomaji halitoshi. Tena nimeona mafundi wakifanya haraka wakampa katibu ufunguo wa sanduku zima la barua kwa kupitia seva, wakidhani mwenye kingi hakosi kidogo. Programu huweza kukataa bado, kwa sababu ruhusa ya kupanga vikao kwa niaba huangaliwa mahali pengine. Dawa ni kuufuata utaratibu wa Outlook, bosi akiutoa uwakilishi kwa mkono wake, kisha katibu atoke kwenye programu na kuingia upya.

Ndani ya utaratibu huo pana kisanduku kidogo kinachouliza kama mwakilishi aone miadi ya faragha. Makatibu vijana hukipita kama vile watu wapitavyo Kny. Mimi husimama hapo na kumwita bosi. Hiyo ndiyo masijala ya siri. Zamani ilikuwa na chumba chake, kufuli lake, na mtumishi aliyepekuliwa kwanza kabla ya kupewa kazi humo. Sasa ni alama moja ya vema, na simruhusu fundi aiweke kabla mwenye kalenda hajasema ndiyo kwa kinywa chake.

Kwenye simu pia ruhusa zimetengana: kupiga kwa niaba ya bosi, kupokea simu zake, kuichukua iliyosubirishwa, kuingia katika mazungumzo yanayoendelea, kubadilisha mipangilio yenyewe. Hii ya mwisho naiita ya kaimu, maana mwenye nayo anaweza kumwongeza mwakilishi mwingine bila kumwuliza bosi. Teams inakubali wawakilishi hadi 25 kwa mtu mmoja. Nilikuta ofisi moja imeorodhesha karibu idara nzima kwa Mkurugenzi mmoja, wote wakiwa na ruhusa zote, na simu ilipoita iliita mezani kwa kila mtu. Kila mmoja alidhani mwenzake ataipokea. Tulikaa na bosi na katibu wake, nikawauliza maswali ya kizamani: nani apite moja kwa moja, nani ajibiwe na katibu, nani asaini kwa niaba ukisafiri, nani akaimu? Walipomaliza kujibu, majina yalibaki matatu, kila moja na kiasi chake.

Jambo moja zaidi bado linaniumiza kichwa. Bosi anapohamishwa, uwakilishi hauhami wala haufi wenyewe. Katibu wa zamani aweza kuendelea kuziona simu za mtu aliyekwenda mkoa mwingine, na mpya akae wiki nzima akisubiri mlio. Makabidhiano ya ofisi yana hati yake tangu zamani: majalada, muhuri, gari, funguo za kabati, kila kimoja na mstari na sahihi mbili. Ofisi ninazozifundisha nazishawishi ziongeze mstari chini ya ule wa funguo, yaandikwe humo majina ya wawakilishi wa simu na wa kalenda, na tarehe waliyoondolewa. Baadhi zimeuongeza.